Subiri Taa Izimike

Milioni tatu na laki mbili, maongezi yapo,
ndivyo alivyosema dalali.
Lakini mwenye gari, Bwana Shekilindi wa Tabata Kimanga,
hakutaka maongezi. Alitaka kujua nitabeba nini.
Mayai, nikasema.
Akanyamaza kama baba aliyeletewa posa
na mtu mwenye kazi asiyoielewa.
"Mayai. Hili springi zake za nyuma ni ngumu."
"Nitatandika godoro."
Akatoa ufunguo uliofungwa uzi wa katani.

Stesheni wagoni, namba A;
mtaani kwetu watu wameshafika E.
Rangi yake mmoja atasema kijivu, mwingine bluu,
kadi inasema kijani.
Mlango wa nyuma haukai juu wenyewe,
unategemezwa kwa mpini wa jembe
uliokatwa kwa kipimo na kupigwa msasa.
Mpini nao niliuziwa, kwa maandishi.

Hili si la petroli, akaniasa.
Ukigeuza ufunguo kwa pupa
litakuumbua mbele za watu.
Geuza nusu. Tazama taa ya koili, ile ya manjano.
Subiri taa izimike.
Ndipo uombe.

Basi saa kumi na nusu alfajiri, Kibamba,
majogoo ya jirani hayajaafikiana,
nimekaa gizani, kitaa cha manjano kinaniangalia,
nahesabu: trei arobaini,
mayai elfu moja na mia mbili,
deni la chakula cha kuku, ada ya Tulizo.
Taa inazimika kabla sijafika kwenye pesa za dada yangu.
Nashukuru.
Injini inakohoa, inakohoa, inakubali.
Mtu huko ng'ambo anafunga dirisha.

Kimara, trafiki alinisimamisha kwa ajili ya moshi.
"Mama, humo ndani umewasha jiko?"
Nikafungua nyuma, nikasimika mpini,
akayaona mayai yamelazwa kwenye godoro la mtoto
kama wagonjwa wa wodi moja.
Kalamu ikabaki hewani.
"Karekebishe pampu. Na Ijumaa niletee trei moja,
nitalipa."
Ijumaa alilipa kweli. Nusu.

Stumai, dada yangu, anasema nimenunua mume:
linakunywa, linavuta, linanguruma usiku wa manane,
na kila mwezi lina dawa zake Gerezani.
Sikumbishia.
Gasket ya hedi, feni belti,
chujio la dizeli mara mbili
baada ya sheli moja kuniuzia maji ya masika.
Fundi Gwandumi amelala chini ya gari hili
kuliko alivyolala kwake.
Ila lita ishirini zinanifikisha Kariakoo siku tano,
kwenda na kurudi,
na tangu Februari nimevunja mayai kumi na moja tu,
saba kati ya hayo kwa mkono wangu.

Kila Jumapili simu.
"Linawakaje asubuhi?"
"Vizuri."
"Hujajibu kama mtu anayesema kweli."
Nilichukia mwanzoni. Fedha nimemaliza,
kadi ina jina langu,
mahari yote imelipwa na mkwe bado anapiga hodi.
Jumapili moja niliiacha iite mpaka ikachoka.

Iliyofuata niliipokea, sikusema neno.
Nikailaza juu ya boneti,
nikaingia, nikageuza nusu.
Manjano.
Tukasubiri, yeye Tabata, mimi Kibamba.
Ikazimika.
Nikawasha.
Gari zima likatetemeka, simu ikaanza kutembea kwenye bati
kuelekea ukingoni; nikaiwahi kwa ncha za vidole.
Nikasikia pumzi zake.
"Nozeli ya tatu," akasema. "Mwambie fundi aanzie hapo."
Kisha, kama anayeuliza habari za mtu:
"Na mpini, upo?"
"Upo."